Mkalimani wa Nyumba ya Mwinyi

Mimi ndiye niliyekuwa amirijeshi siku nyumba ya Mwinyi ilipozingirwa, na naomba nisimulie mwenyewe kabla Ignace hajawafikia, maana katika masimulizi yake mimi nimevaa ndoo kichwani. Si kweli. Ndoo ilikuwa mkononi.

Nyumba yenyewe iko Troyeville, hapa Johannesburg, kwenye mtaa unaoteremka kuelekea Bertrams. Ni ya ghorofa moja, bati lake jekundu limepauka, ina roshani juu ya baraza, na geti la chuma ambalo ufunguo wake ninao mimi. Mwenye nyumba ni Bibi Biubwa binti Mwinyi Kombo, wa Pangani. Babu yake Bibi alikuwa mwinyi mkubwa, mwenye minazi, ngoma na mwavuli wa hariri. Babu yangu mimi ndiye aliyekuwa akiushika huo mwavuli. Haya niliambiwa na Bibi mwenyewe miaka tisa iliyopita, siku nilipokuja kupanga chumba cha uani. Aliniuliza kwetu wapi, nikasema Pangani. Akaniuliza mtoto wa nani, nikamtajia mpaka babu. Basi akafurahi mno, akapiga makofi, akasema, "Alhamdulillahi, umerudi kazini."

Nami, badala ya kukasirika kama mwanamume mwenye akili zake, nilisema "Ndiyo, Bibi," nikaenda kumtengenezea bomba la jikoni.

Kazi yangu ni matangi ya maji ya moto. Hapa wanayaita giiza, kwa hiyo Bibi huwaambia wageni kwamba Nassir anatengeneza giza, na sijawahi kumsahihisha. Kwa miaka tisa nimelitengeneza tangi la nyumba ile mara kumi na nne, na mara sita kati ya hizo halikuwa na ubovu wowote. Nilipanda darini kwa sababu bomba la bafu la Fauzia linapita huko, na mwenye bafu lazima aulizwe kama maji yanapata moto.

Fauzia ni mjukuu wa Bibi, yatima wa mwanawe wa pekee, mwalimu wa darasa la pili, mzaliwa wa hapa hapa. Ana miaka ishirini na saba, mimi arobaini na mitatu. Moyo wangu ulikuwa kwake tangu mwaka wa pili wa kupanga, na sikuwahi kumwambia hata nusu ya neno. Kila nilipojipa moyo nikafungua kinywa, kilichotoka ni, "Maji yanapata moto?" Naye hujibu kwa adabu, "Yanapata, Anko Nassir, asante." Mwanzoni aliniita Kaka. Sikumbuki ni mwaka gani alinipandisha cheo.

Sasa, Bibi yuko Johannesburg mwaka wa thelathini huu, alimfuata marehemu mumewe aliyekuwa akiuza vitambaa, na Kizulu hajui hata salamu. "Nijifunze ya nini, na mwakani naondoka?" Husema hivyo kila mwaka. Neno analolijua ni moja tu, ekhaya, yaani nyumbani, kwa sababu kila vurugu za kufukuza wageni zikizuka ndilo linalopigiwa kelele barabarani: rudini ekhaya, rudini kwenu. Neno hilo likitajwa hata kwenye redio, Bibi hushika tasbihi.

Wiki hiyo ujumbe wa sauti ulizunguka kwenye simu za wageni wote, Watanzania, Wakongo, Warundi. Mwanamke aliyekuwa akilia alisema Jumamosi watakuja Troyeville, nyumba kwa nyumba. Ijumaa jioni Bibi akaitisha baraza la vita. Tulihudhuria watatu: Bibi mwenyewe, mimi, na Ignace, fundi cherehani kutoka Bukavu anayepanga chumba cha chini. Ignace alipendekeza tukimbie. Bibi akamwambia nyumba ya Mwinyi haijawahi kukimbia, kisha akanigeukia mimi. "Nassir, geti ni lako. Kizulu unakijua wewe. Lolote watakalosema, wewe ndiye masikio yangu."

Nilivimba kichwa, siwafichi. Nikala yamini mbele ya Ignace kwamba atakayeingia atapita juu ya maiti yangu. Bibi akanikabidhi upanga wa babu yake. Nikauvuta kwa madaha, kipini kikaja mkononi na chuma kikabaki ndani ya ala. Ignace alikohoa. Bibi akasema basi, tutatumia maji, nikapanga ndoo tatu kule roshani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Julai, bado kiza, baridi ya kukata masikio, nikasikia gari linasimama. Ignace alichungulia dirishani akarudi akitambaa kwa magoti.

"Nassir, batu balifika! Biko bane. Moja iko na fimbo!"

Watu wanne! Nilipanda roshani mbio. Kabla sijafika, sauti ya mzee ikapaa kutoka getini, nzito, ya mtu aliyezoea kuita kwa mbali: "Siyakhuleka ekhaya! Muwini! Muwini wa Pangani!"

"Umesikia?" Bibi alipiga ukelele kutoka chumbani mwake. "Ekhaya! Wanatufukuza! Na jina letu la Mwinyi wanalo, wana orodha! Mwaga, Nassir!"

Nikamwaga. Sikusikiliza, sikufikiri. Niliambiwa mwaga, nikamwaga, ndivyo ukoo wetu ulivyo.

Ndoo nzima ilimpata mzee mwenye suti ya kijivu na kofia. Nilijiinamia nikingoja jiwe au risasi. Badala yake nikasikia kicheko. Mzee alivua kofia, akaikung'uta, akawaambia wenzake kwa Kizulu, taratibu kabisa, "Hawa ni watu wenye heshima zao. Hawatoi binti yao kirahisi."

Binti? Hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka. Kizulu nimejifunza nikiwa nimelala kifudifudi kwenye madari ya watu, lakini nakisikia vizuri. Siyakhuleka ekhaya si rudini kwenu. Ni salamu ya mtu aliyesimama nje ya nyumba ya wenyewe akiomba kuingia. Ni hodi. Mzee akaendelea na hodi yake, maji yakimchuruzika shingoni: wametoka Soweto, kwa akina Jabari, wameliona ua katika nyumba hii, wamekuja kuomba undugu mwema. Na ua lenyewe akalitaja jina. Fauzia.

Jabari nilimjua. Baba yake alikuwa mpigania uhuru aliyekaa Morogoro miaka mingi, akarudi huku na mke wa Muheza. Mtoto akalelewa na dini ya mama na desturi za baba. Alikuwa akija shuleni kwa Fauzia kutengeneza kompyuta, na mara mbili alimrudisha nyumbani. Mara zote mbili ni mimi niliyemfungulia geti. Mara ya pili nilimwelekeza aegeshe vizuri, nikamsifia na gari. Mwanamume mzima, nimesimama pale nasugua kioo cha gari la mtu aliyekuja kunimaliza!

"Nassir!" Bibi akaita. "Wanasemaje?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, na fupi. Hodi. Mtoto wa miaka miwili angeliweza.

"Wanasema turudi kwetu, Bibi," nikajibu.

Wallahi sikupanga. Ulimi ulikwenda wenyewe, nami nikaufuata nyuma. Nilijiambia kwamba nitasahihisha baada ya dakika tano, nikishapumua. Baada ya dakika tano Bibi alikuwa ameshatunga jibu.

"Waambie hii ni nyumba ya Mwinyi. Haikusalimu amri kwa Mjerumani, haitasalimu leo."

Nikashuka hadi getini kupeleka ujumbe. Kulipopambazuka niliwaona vizuri: mzee mwenyewe, wanaume wawili waliovaa tai, na mama mnene mwenye blanketi begani ambaye walimwita Shangazi Lerato. Nikakohoa, nikawaambia kwa Kizulu changu cha darini kwamba Bibi anaumwa, na ingekuwa vyema waje siku nyingine. Mwakani, kwa mfano.

"Tutasubiri," alisema mzee. Meno yalikuwa yakimgongana. "Nilipomposea mdogo wangu mmoja nilisimama getini tangu asubuhi mpaka jioni, na mbwa akanila suruali. Nyumba inayofungua upesi ina kasoro." Kisha akanitazama kwa heshima kubwa. "Na wewe mwenzetu, ni nani katika nyumba hii?"

"Mimi ndiye mwenye ufunguo."

"Basi wewe ni mtu mkubwa," akasema, akanivulia kofia iliyolowa.

Na mimi nikakubali kuvuliwa kofia! Nilirudi ndani nimetanua kifua, eti mtu mkubwa.

"Wanasemaje?" Bibi aliuliza.

"Wanasema hawaondoki mpaka tutoke."

Mnaona? Hilo hata uongo halikuwa. Nilianza kupata ustadi. Kila nilichopewa huku nilikibadilisha kidogo nikakipeleka kule. Bibi akituma tusi, getini lilifika pole. Mzee akituma salamu, chumbani ilifika vitisho. Saa mbili ilipofika nilikuwa peke yangu ndiye ninayeendesha vita nzima, pande zote mbili, na pande zote mbili zilinisifu kwa uaminifu. Ignace tu ndiye aliyekuwa na mashaka. Alikuwa amechungulia kwenye tundu la pazia muda mrefu.

"Mais, lakini Nassir, ile mama ameleta kiti yake. Anakunywa chai. Anakula biskuti." Akafikiri. "Batu ba vita banakula biskuti?"

"Ni mbinu," nikamwambia. "Wanataka tuone njaa."

Niliposema hivyo mlango wa juu ukafunguka. Fauzia alikuwa amesimama kwenye ngazi, amevaa gauni la kijani na ushungi mweupe, miguu mitupu. Alinipa ishara nipande. Nikapanda, na moyo wangu, mpumbavu yule, ulifurahi kwamba ameniita.

"Anko Nassir," alisema kwa sauti ya chini, "unajua kwamba mimi nasikia Kizulu, sivyo? Nimekulia mtaa huu."

Nikasema najua. Sikujua pa kuweka macho.

"Nimesikia unavyomwambia Bibi. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Eish, Anko!" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Jabari aliniambia watakuja Jumamosi mojawapo, baba yake mkubwa, huyo mzee, hataki kutangaza siku. Mimi siwezi kutoka nikasema hawa ni wangu. Bibi atasema nimejitembeza. Na wale nao watasema, binti gani huyu anayejifungulia geti mwenyewe? Huku nimefungwa mdomo na kule nimefungwa mdomo. Humu ndani Bibi anaamini masikio yako tu."

"Ni Jabari yule wa gari la buluu?"

"Ndiye."

"Gari zuri," nikasema.

Kisha akaniambia kwamba yule mzee ana miaka sabini na mbili na kifua kibovu, na amemsikia akiwaambia wenzake kwamba watasimama mpaka saa nne. Ikipita saa nne bila kujibiwa wataondoka, na nyumba ile haitagongwa tena na mtu wa ukoo wao. "Likifa leo limekufa, Anko. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli. Miaka tisa nikingoja aniombe kitu, chochote, nimletee hata mwezi, na siku aliyoniomba ndiyo hii.

"Nitamwambia Bibi sasa hivi," nikasema. Nilitaka kuongeza neno la kiume, la kumbukumbu. "Maji yanapata moto?"

"Anko!"

Nikashuka. Nia ilikuwa safi kabisa, nawaapia. Niliingia chumbani mwa Bibi, nikapiga magoti karibu na kitanda, nikafungua kinywa, na Bibi akanishika mkono. "Mwanangu," alisema, "babu yako alishika mwavuli. Wewe leo umeshika nyumba. Nikifa, chumba cha uani ni chako." Machozi yalimlengalenga. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno ya namna hiyo, na niliyapenda, nikataka yaendelee. "Wanasemaje sasa?" akauliza.

"Wanatukana, Bibi."

Ndiyo. Mnaweza kunicheka, mimi mwenyewe nimeshacheka. Nilitoka mle chumbani nikasimama kwenye ukuta wa sebule, nikajipiga paji la uso mara tatu. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Basi katika hali hiyo ndipo nilipozisikia nyimbo. Zilitoka upande wa Bertrams, zikapanda mtaa, na kila mgeni wa mji huu anazijua nyimbo hizo kwa tumbo kabla ya masikio. Safari hii Ignace hakusema kitu. Aliacha pazia, akaenda kukaa sakafuni nyuma ya cherehani yake, akafumba macho. Nilichungulia. Walikuwa kama thelathini, wana virungu na fimbo za gofu, na mbele yao kijana mwenye kipaza sauti. Wakasimama getini kwetu.

Na mimi, amirijeshi, mwenye ufunguo, niliyekula yamini? Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika kipini kisicho na upanga.

"Humu kuna wageni?" kijana aliuliza.

Mzee aligeuka. Suti ilikuwa imemgandia mwilini. "Humu ni kwa wakwe zangu," alisema.

"Tumeambiwa ni Watanzania."

"Nami nakuambia ni wakwe zangu. Niko kwenye kazi ya kuoa tangu alfajiri. Kwenu hawaoi?"

Wengine nyuma wakacheka. Kijana hakucheka. Alisema mambo ya kazi, ya hospitali, ya wageni kujaza nyumba, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba hayo yote wakayazungumze kesho, ila leo atakayegusa geti hili amegusa posa ya ukoo wake. Chupa ikaruka kutoka nyuma, ikapasukia kwenye chuma pale pale nilipokuwa nimesimama mimi asubuhi nikipokea heshima. Shangazi Lerato aliinuka kitini, blanketi likaanguka. "Ni mtoto wa nani huyo?" aliuliza kwa sauti. "Nauliza, ni mtoto wa nani? Nitajieni mama yake." Wale wenye virungu walisimama kidogo, wakaguna, kisha wakaendelea na njia yao kuelekea kwenye robot, yaani taa za barabarani, na nyimbo zikapungua.

Mzee aliokota vipande vya chupa kwa mkono wake, akavisogeza pembeni ili watu wa nyumba wasijikate. Akaweka kofia vizuri. Kisha akageukia geti na kuanza upya tangu mwanzo, kama vile hakuna lililotokea, ila sauti sasa ilikuwa inakwaruza: "Siyakhuleka ekhaya."

Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Nimewahi kuona haya maishani, lakini hii ilikuwa na uzito. Nikaingia kwa Bibi bila kubisha.

"Wanapiga hodi, Bibi."

"Nani?"

"Hawa wa getini. Wanapiga hodi tangu alfajiri. Wamekuja kumposa Fauzia, kijana ni Muislamu, mama yake mtu wa Muheza. Wanaotufukuza ni wale waliopita sasa hivi, na aliyewazuia ni mzee niliyemmwagia maji. Nimekudanganya asubuhi nzima."

Tasbihi ya Bibi ilisimama vidoleni. "Kwa nini?"

Nikatafuta. "Kizulu changu, Bibi, si kizuri sana."

"Kizulu chako kizuri," alisema Bibi, akaendelea kunitazama mpaka nikainamisha kichwa. Halafu akashtuka kama aliyechomwa sindano. "Ati mtu kapiga hodi nyumbani kwa Mwinyi kwa muda wa saa tatu nzima na hatujasema karibu? Tumekuwa washenzi? Kafungue!"

Alivaa buibui akatoka mwenyewe mpaka getini, jambo ambalo sijaliona miaka tisa. "Karibuni," alisema. "Karibuni, karibuni," na alikuwa analia. Mzee hakulijua neno lakini alilielewa, akainama. Bibi alipoiona ile suti alirudi ndani, akafungua sanduku, akatoa joho la marehemu mumewe lenye harufu ya udi, akamvika mzee yule kwa mikono yake. Lilimfika magotini. Ignace alileta chai bila kuambiwa, akamwuliza Shangazi Lerato kama kumebaki biskuti.

Tulikaa sebuleni. Nilitaka kujitoa, niende darini, kwenye tangi langu, nikakae na maji yangu. Bibi akaniita. "Ukoo hauna mwanamume. Kaa hapa karibu nami. Leo utasema kwa niaba yetu, na utasema yaliyosemwa."

"Yaliyosemwa tu, Bibi."

Basi nikafanya kazi. Niliwatafsiria neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Mzee alipomaliza kutaja ukoo wao, akasema kabla ya kwenda mbele wanataka kumwona binti, na wamsikie kwa kinywa chake kama anamtaka kijana wao.

"Kwetu mwari hasemi," Bibi alijibu. "Akinyamaza amekubali." Nikatafsiri.

"Kwetu akinyamaza amekataa," mzee akasema. Nikatafsiri hilo pia.

Walitazamana muda mrefu, yeye na joho lake, Bibi na buibui lake. Mwishowe Bibi akaita. Fauzia akashuka, akapiga magoti kwenye mkeka katikati yetu, uso chini. Mzee akamwuliza kwa upole. Kimya. Niliona vidole vya Fauzia vimeshika upindo wa ushungi, na nilimwelewa: neno lile kwa Kiswahili, mbele ya bibi yake, lisingetoka hata kwa koleo. Akavuta pumzi, akainua macho, akalisema kwa Kizulu, lugha ambayo Bibi hakuwahi kumfundisha kuona haya ndani yake.

"Ngiyamthanda."

Shangazi Lerato akapiga kigelegele kidogo, akajizuia. Bibi akanigeukia.

"Amesemaje?"

Mkalimani hana pa kujificha. Husema kama alivyosema mwenye maneno. Nilimtazama Fauzia, naye akanitazama, mara ya kwanza siku ile bila kuniomba kitu.

"Nampenda," nikasema.

Bibi aliinamisha kichwa, akaweka mkono nyuma ya sikio. Masikio ya Bibi ni mazima, husikia panya akipita darini. "Hebu sema tena, Nassir. Sema yote, kwa sauti."

"Nampenda," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka Ignace akasimama mlangoni na birika. Fauzia aliinamisha macho. Nadhani alielewa, na hakuna lililobadilika.

Bibi aliniwekea mkono begani, akauacha pale.

"Haya," alisema. "Sasa mwambie mzee tumekubali."

Nikamwambia.